Binti wa Jumatano

Kila Jumatano Mama Transito Guandinango alikuwa anaumwa.

Ugonjwa ulianza pale mwalimu Graciela alipopiga makofi ya kuwanyamazisha wanafunzi, ukaisha kengele ya chakula cha mchana ilipolia. Katikati hapo alikuwa mwanamke aliyeteleza kijitoni akifua, akashtuka, roho yake ikabaki kule majini na mwili ukarudi nyumbani peke yake, na kichwa kinachouma na usingizi usiokuja. Yote hayo alipewa kwenye karatasi. Kusoma kulimpa taabu, kwa hiyo mwalimu Graciela alikaa naye chini akamsomea mpaka maneno yakamkaa kichwani: lini alianguka, wapi panauma, nini amekunywa, nini anaogopa. Wanafunzi wa uuguzi walimjia mmoja mmoja mbele ya wenzao, wakamuuliza, na mwalimu akawapa alama.

Lilikuwa somo la kumjua mgonjwa pamoja na mila zake. Wengi wa wanafunzi wale walitoka mijini, wengine pwani kabisa, na siku moja wangepangwa kwenye zahanati za milimani, kwa watu kama Mama Transito. Walifundishwa wasisimame juu ya mgonjwa kama askari. Wasimvue kofia wala kugusa nywele bila ruhusa. Akiwakaribisha chakula wapokee kwa mikono miwili na wale, hata kama wameshiba. Wamuulize yeye mwenyewe anadhani ugonjwa umetoka wapi, na jibu lolote watakalopewa wasicheke.

Mama Transito alijiandaa kwa Jumatano kama watu wanavyojiandaa kwa misa. Jumanne alichana nywele na kuzizungushia utepe wake mwekundu. Asubuhi alivaa blauzi nyeupe yenye maua ya kudarizi begani, akajifunga kiunoni anaku yake, sketi nyeusi ya kuzungusha, mkunjo juu ya mkunjo, akaikaza kwa mishipi miwili, ule mpana ndani na ule mwembamba juu, akavaa na shanga zake za rangi ya dhahabu. Kisha alifunga chakula kwenye kitambaa. Wiki ya kwanza chuo kilimpa biskuti za pakiti awakaribishe wanafunzi. Alizitazama zile biskuti, akazirudisha kwenye pakiti taratibu, na tangu hapo alikuja na chakula chake: mahindi makubwa meupe ya kuchemsha, maharage mapana, na kibakuli cha pilipili ya kusaga na mbegu za maboga.

"Wellington," mwalimu alisema Jumatano moja, "hiyo uliyokula ni punje. Umekaribishwa chakula."

"Mwalimu, mimi nautunza mwili," alisema Wellington, kijana mwenye mikono mirefu aliyependa kuchekesha.

"Mwili upi?" aliuliza msichana wa nyuma, na darasa zima likacheka.

Mama Transito naye alicheka kidogo, mkono mdomoni, ingawa mgonjwa wa kwenye karatasi hakutakiwa kucheka. Wellington akatafuna mahindi kwa bidii, akakaa vizuri kwenye kigoda.

"Mama, unadhani nini kimekuletea maradhi haya?"

"Kijito."

"Kijito kimefanyaje?"

"Kimenibakiza."

"Na nyumbani uko na nani?"

"Niko na binti yangu, Luzmila. Ananichemshia majani, na jioni anakwenda kijitoni kuniita."

Hilo nalo lilikuwa kwenye karatasi. Mwalimu Graciela alikuwa amelitunga jina lile mezani kwake, labda bila kufikiri sana, kama mtu anavyochukua kijiko kilicho karibu. Lakini Mama Transito aliondoka nalo. Zamani sana aliwahi kuzaa mara moja. Mtoto alikuwa wa kike, na hakufika siku ya ubatizo, akazikwa bila jina, na mtoto asiye na jina huna namna ya kumwita. Tayta Segundo, mumewe, hakupenda jambo hilo litajwe. Kisha naye alikufa, na nyumba ikabaki na simbilisi wake wakikimbizana chini ya jiko, na mbwa mmoja mzee.

Basi Luzmila alihamia pale. Wiki za mwanzo alikuwa jina tu. Baadaye akawa na msuko mnene na ubishi wa asubuhi. Mama Transito akikoroga uji wa shayiri alimwambia, "Punguza moto, Luzmila, utaunguza," akaupunguza mwenyewe. Mabakuli alitoa mawili. Hakuwa amepungukiwa akili, alijua vizuri bakuli la pili halina mlaji, na uji ule alikuja kumpa mbwa. Lakini meza yenye mabakuli mawili haikai kama meza yenye bakuli moja, mtu aliyewahi kula peke yake muda mrefu anajua.

Majirani hakuwa nao. Kijiji cha Rumipata kilikuwa na nyumba nzuri kuliko zamani, za ghorofa, na madirisha ya vioo vya buluu, zimejengwa kwa fedha za masweta yaliyouzwa Ulaya. Wenyewe walikuwa huko huko Ulaya. Jua la jioni lilipopiga vioo vile ungedhani kila nyumba imewasha taa kumngoja mtu, kumbe ndani hata panya hana cha kula.

Uvimbe aliuona mwezi wa mavuno ya mahindi, alipokuwa akifunga mshipi. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, mgumu kama haragwe kavu. Aliungoja uondoke. Haukuondoka, ukaanza kumvuta mpaka kwapani, ndipo akateremka hospitali ya mjini, akapimwa, akarudi, akapimwa tena. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia uvimbe lazima utolewe na siku akampangia, Alhamisi.

"Utapewa dawa ya usingizi, mama. Utalala, hutasikia kitu. Tukimaliza, utaamka."

"Nani ataniamsha?"

"Utaamka mwenyewe," alisema daktari, akidhani anamtuliza.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kisu hakukiogopa sana. Lakini kwao mtu akishtuka roho huachana na mwili, na hairudi mwenyewe. Ndugu wa nyumbani huchukua shali lake au kofia yake, akaipunga pale roho ilipobaki, akamwita kwa jina lake mpaka arudi. Na usingizi wa hospitali ulikuwa mshtuko gani huo, mtu kuzimwa kama taa halafu akatwe? Roho ingekaa pale kwenye vyuma na taa zao, imngoje wa kuiita.

"Siku hiyo uje na ndugu," daktari aliendelea. "Bila msindikizaji hatukupokei. Nyumbani uko na nani?"

"Niko na binti yangu, Luzmila," alisema Mama Transito.

Lilitoka lenyewe. Aliulizwa vile vile, kwa sauti ile ile ya Jumatano, na mdomo ulishaizoea njia. Alipotaka kulirudisha, daktari alikuwa ameshaliandika na anatabasamu.

"Vizuri sana. Basi uje na Luzmila."

Angeweza kusema kweli siku ile, na siku zilizofuata. Lakini kusema kwamba huna mtu, kwao ni kitu kigumu kukitoa mdomoni. Kuna neno lao la mtu asiye na watu, na neno hilo hilo ndilo la yatima na la fukara. Alipanga kumweleza mwalimu Graciela Jumatano ya mwisho kabla ya Alhamisi. Alifunga chakula chake, akaenda, akaanza kuumwa kama kawaida.

Zamu ilikuwa ya Yomaira Quiñónez, msichana mweusi, mrefu, aliyetoka Esmeraldas, pwani. Sauti yake ilikuwa ya watu wa pwani, wanaoongea kana kwamba kati yako na wao kuna mawimbi. Mwalimu alishamwambia mara nyingi aishushe. Siku hiyo alikaa chini kabisa kwenye kigoda, magoti yakamfika kifuani, akapokea bakuli kwa mikono miwili, akala. Hakuonja. Alikula mpaka wenzake wakaanza kugusana viwiko.

"Yomaira, na maswali," alisema mwalimu.

"Naja, mwalimu. Mdomo umejaa." Alimeza. "Mama, nyumbani uko na nani?"

"Na binti yangu, Luzmila. Jioni anakwenda kijitoni kuniita."

"Anakuitaje?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Mama Transito alimtazama mwalimu, mwalimu akaitikia kwa kichwa, endelea. Basi akalivua shali lake begani, akalishika pembe mbili, akalipunga chini chini kuelekea kwake, kama mtu anayefukuza kuku kuwaingiza bandani.

"Njoo, Transito. Njoo twende. Usikae huko, Transito Guandinango, huko ni baridi. Nyumbani kuna moto. Njoo."

Alijiita mwenyewe, mbele ya watu, kwa sauti ndogo. Alipomaliza, hakuweza kulirudisha shali begani mara moja, akabaki amelishika.

"Swali zuri, Yomaira," alisema mwalimu Graciela akiandika. "Mmeona? Hapo ndipo muuguzi anapojua nani wa kumhusisha kwenye matibabu. Anayefuata."

Kengele ilipolia walitoka kwa kelele, na mwalimu naye simu yake ikaita, akatoka akiongea. Mama Transito alikuwa ameshafungua mdomo kusema, "Mwalimu, kesho." Akaufunga. Akaanza kukunja kitambaa.

Yomaira alikuwa bado yupo.

"Mama, hiyo iliyobaki unaipeleka wapi?"

"Kwa mbwa."

"Mbwa gani anakula vizuri hivyo? Nipe mimi."

Mama Transito alimtazama usoni kuona kama ni utani. "Unampelekea nani?"

"Nani? Mimi mwenyewe. Usiku nile, na asubuhi. Kwetu tunakula wengi, mama, ukichelewa unakuta mifupa. Hapa nimepanga chumba, nakula natazama ukuta. Nyumbani wakipiga simu nawaambia nipo na wenzangu, tunapika, tunacheka." Alicheka kweli. "Rafiki zangu hao hata majina nimewapa."

Hapo ndipo Mama Transito alipokaribia zaidi kusema kweli kuliko wakati wowote. Lakini angeanzaje, mbele ya mtoto wa watu anayemwomba mahindi? Alimfungia chakula chote, na bakuli juu yake.

"Utanirudishia Jumatano."

"Nitalirudisha limeoshwa, mama."

Alhamisi alifika hospitali mapema, hajala wala kunywa, kama alivyoagizwa. Karani wa mapokezi alikuwa mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kifuani.

"Msindikizaji yuko wapi?"

"Anakuja."

Alikaa kwenye benchi. Watu waliitwa wakaingia na watu wao: mume na mke, bibi na wajukuu wanaogombania kumshikia mkoba. Wa Rumipata hakuna hata mmoja. Karani alimtazama juu ya miwani.

"Bado, mama?"

"Yuko njiani. Magari ni shida."

Akaona aibu kwa lile la magari, maana sasa alikuwa anaongeza ya kwake, hata kwenye karatasi halikuwepo. Aliwaza aondoke tu, arudi kwa simbilisi wake, uvimbe ufanye utakalo. Alishakaza shali ili ainuke. Karani naye alichoka kungoja, akasimama mlangoni akaita kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa korido:

"Luzmila. Ndugu wa Transito Guandinango. Luzmila, kama upo jitokeze, chumba cha upasuaji kinasubiri."

Mbali kule kwenye korido kulikuwa na toroli la mashuka, na nyuma ya toroli msichana mrefu aliyevaa sare ya mwanafunzi. Wanafunzi hupelekwa hospitali kwa zamu, jambo ambalo Mama Transito hakuwahi kuambiwa. Toroli likasimama. Katika hospitali nzima, mtu aliyejua Luzmila ni nani alikuwa yule mmoja tu.

Yomaira alikuja akakaa kwenye benchi. Mara hii alisahau kuinama, wala kuweka mikono magotini kama walivyofundishwa. Alijitupa tu kama mtu aliyechoka.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Luzmila si yule wa kwenye karatasi ya mwalimu?"

"Ndiye."

"Na hawa wamemjuaje?"

"Daktari aliniuliza kama mnavyoniuliza ninyi."

Yomaira alitazama mikono ya Mama Transito iliyokuwa inakunja ncha ya shali na kuikunjua.

"Hakuna mwingine?"

Mama Transito alitikisa kichwa. Hivyo tu. Lile neno la kwao hakulisema, lakini lilishatoka.

Yomaira aliinuka, akaenda kwa karani. "Mimi ndiye msindikizaji wake."

"Wewe ni Luzmila?"

"Luzmila hatakuja. Mimi Yomaira."

Karani alivaa miwani yake sawasawa. Akamtazama msichana yule wa pwani, akamtazama na kikongwe mdogo wa anaku pale benchini. "Undugu wenu ni wa wapi?"

"Nakula kwake."

"Hilo silo nililouliza. Na wewe uko zamu, nakuona na sare."

"Nitavua sare. Zamu nitailipa Jumamosi. Dada yangu, mtu mzima anangoja na njaa, unataka nikuletee ndugu wa kuchonga?"

Karani alipumua kwa pua, kisha akamsukumia kalamu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, muuguzi alisema avue kila kitu. Mama Transito alifungua mshipi mwembamba, akafungua na mpana. Ilichukua muda, maana mishipi ile ni mirefu. Yomaira aliipokea akaizungusha mkononi mwake ili isiguse sakafu. Alimwomba muuguzi utepe wa nywele ubaki chini ya kofia ya hospitali, muuguzi akasema utepe haumdhuru mtu. Ndani ya kanzu ile ya kijani, bila anaku, bila shanga, Mama Transito alijiona mwepesi kama ganda.

"Mwanangu," alisema. "Utaniita?"

"Nitakuita."

"Kwa jina langu. Usiseme mama tu. Mama ni wengi humu, wataamka wote."

"Transito Guandinango. Nimeshika."

Kisha wakamsukuma kitanda, na mlango ukafungwa kati yao.

Kurudi kulimchukua muda. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, karibu na maji, na hapakuwa pabaya. Palikuwa kimya, maji yalipita bila kelele, naye hakuumwa na kitu wala hakuwa na haja ya kwenda popote. Kwa nyuma, kama kutoka nyumba ya mbali, akasikia mtu anaita. Njoo, Transito. Alijua ni nani. Aliuona mpaka ule msuko mnene, na bega moja limeinama kidogo kama la tayta Segundo. Kwa hiyo umekuja, alimwambia. Akainuka kwenye jiwe, akaifuata ile sauti, na kadiri alivyoikaribia ilizidi kuwa kubwa, na ngumu, na ya ajabu.

"Transito Guandinango. Njoo twende. Usikae huko, kuna baridi. Nyumbani kuna moto, Transito."

Alifumbua macho. Yomaira alisimama kando ya kitanda, shali amelishika upande wa nje ukiwa ndani, anapunga kwa nguvu. Mlangoni muuguzi alikuwa amesimama na sinia la dawa, hajui acheke au akataze.

Mama Transito alimtazama kwa muda mrefu. Alitazama nyuma yake pia, mlangoni, kisha dirishani.

"Umeniita kama muuza samaki," alisema hatimaye. Ulimi ulikuwa mzito.

"Ndivyo tunavyoita kwetu."

"Na shali umelishika ndani nje."

"Lakini umekuja."

"Nimekuja."

Yomaira alimfunika shali, akamlowesha midomo kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, maana alikumbuka maji ya baridi hayafai kwa mtu aliyefunguliwa mwili. Akakaa mpaka jua likaanza kuondoka kwenye ukuta wa pili. Kisha ikabidi aende, basi la mwisho la kwenda kwenye chumba chake halingojei mtu. Aliacha mishipi imekunjwa vizuri chini ya mto, na akaahidi kesho ataleta bakuli.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mwanamke wa makamo, na watu wake walikuwa wamemjaa mpaka wengine wamekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Walipoondoka, mwanamke huyo akamgeuzia kichwa.

"Yule msichana, ni wako?"

Mama Transito alifikiri. Jibu lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote, lingetoka bila kusukumwa. Alilishika.

"Hapana. Ana kwao."

"Huna binti, wewe?"

"Ninaye. Hakuja."

Mwanamke alisikitika kwa ulimi. "Watoto wa siku hizi, jamani. Hata siku kama hii."

"Usimlaumu," alisema Mama Transito. Aliingiza mkono chini ya mto, akaigusa mishipi, ule mpana na ule mwembamba, yote ipo. "Yuko mbali sana. Na hakuna aliyemwita."